Kisiwa Kina Timu, Mlima Una Viwanja

Katika semina za fasihi na isimujamii, nafasi ya mwanamke hujadiliwa kupitia riwaya, tamthilia, methali na nyimbo za jandoni na unyagoni. Michezo hutajwa mara chache, tena kijuujuu. Yamkini wahakiki huiona kuwa shughuli ya Jumamosi jioni isiyostahili kupotezewa nadharia. Hata hivyo, uga wa kandanda ni mojawapo ya mahali pachache ambapo taasubi ya kiume haimngoji mhakiki aifichue. Ipo mchana peupe, imekaa jukwaani, inapiga makofi au inakejeli kwa sauti. Makala haya yanauchukulia mchezo huo kwa uzito wake na kuuliza swali moja: kwa nini visiwa vya Zanzibar vina timu ya wanawake inayovaa jina la nchi na kucheza na mataifa, ilhali Meru na Embu, zenye watu wengi zaidi, hazina timu ya wanawake inayojulikana nje ya mipaka yake?

Idadi ya watu yenyewe inashangaza. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru na 608,599 katika kaunti ya Embu. Jumla ni zaidi ya milioni mbili na laki moja, na hapo Tharaka-Nithi iliyo katikati haijatiwa hesabuni. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, Unguja na Pemba kwa pamoja. Basi uchache wa watu hauwezi kuwa sababu. Wala si ugumu wa mila na dini, kwa kuwa kama kuna mahali Afrika Mashariki ambapo msichana mwenye mpira mguuni amepambana na pingamizi za mila na dini, ni Zanzibar.

Klabu iliyoitwa Women Fighters ndiyo iliyoufanya mgogoro huo ujulikane ulimwenguni. Mwaka 2007 mtengenezaji filamu Florence Ayisi, mzaliwa wa Kamerun aliyekuwa akifundisha Wales, alitoa filamu ya hali halisi kuhusu wachezaji hao, *Zanzibar Soccer Queens*. Miaka michache baadaye ikafuata nyingine, kuhusu klabu ya New Generation Queens. Katika jamii ya Waislamu iliyozoea kumwona mwanamke ndani ya buibui, wako waliosema wazi kwamba kaptura na mbio mbele ya wanaume ni kinyume na heshima. Wachezaji walijibu kwa njia mbalimbali: wengine walivaa suruali za kubana chini ya kaptura na kujifunga vitambaa kichwani, wengine hawakuvaa. Kanuni za mpira wenyewe hazikuwa rafiki. Ni mwaka 2014 tu ambapo bodi inayotunga sheria za kandanda duniani iliruhusu rasmi mchezaji kufunika kichwa. Kabla ya hapo, msichana aliyetaka kumridhisha mamaye kwa kujisitiri alikuwa akimkosea refa, na aliyemridhisha refa alikuwa akimkosea mamaye.

Septemba 2016 timu ya wanawake ya Zanzibar ilisafiri hadi Njeru, karibu na Jinja, Uganda, kwa mashindano ya CECAFA. Ilipangwa kundi moja na Uganda, Kenya na Burundi. Ilifungwa mabao mengi katika kila mchezo, mengine kwa idadi inayokaribia alama za mpira wa kikapu. Waliofuatilia mashindano hayo walicheka, na bila shaka wapo Zanzibar waliouliza kwa nini fedha za nauli zilitumika kwenda kununua aibu.

Neno la Kiswahili kwa tukio hilo ni kufungwa, na mwanafunzi wa lugha anafahamu kwamba neno hilo linabeba maana mbili. Timu hufungwa mabao, na mtu hufungwa mlango asitoke. Waliofungwa kwa maana ya kwanza pale Njeru walikuwa wamekwisha kutoka katika maana ya pili. Walirudi tena katika mashindano hayo mwaka 2019, Dar es Salaam, na mwaka 2022, Uganda. Hawajatwaa kombe. Lakini kila safari ya namna hiyo huacha nyuma kocha aliyejifunza jambo, mchezaji aliyeona jinsi kipa wa Ethiopia anavyosimama, na mtoto wa mtaani anayejua kwamba timu ipo na kwamba siku moja huenda akaitwa. Mwaka 2021, mchujo wa kwanza wa kanda hii wa Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake ulipofanywa Nairobi, New Generation ya Zanzibar ilikuwa miongoni mwa klabu zilizokuja. Msichana wa Maua au wa Runyenjes aliyetaka kuiona klabu ya kwao katika orodha hiyo angetafuta bure.

Safari ya Zanzibar imekuwa na vikwazo vya kisiasa pia. Machi 2017 Shirikisho la Kandanda la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, jambo ambalo lingefungua njia ya timu zake zote, za wanaume na za wanawake, kushiriki michujo ya kombe la bara. Furaha hiyo ilidumu miezi minne tu. Julai mwaka huohuo uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba Zanzibar si taifa huru. Tangu hapo mwanamke wa Kizanzibari anayetaka kucheza fainali za Afrika hana budi kuitwa na Twiga Stars, timu ya Tanzania. Bado ana ngazi mbili: ya kisiwa, iliyo fupi lakini ipo karibu na mlango wake, na ya muungano, iliyo ndefu. Mwenzake wa Meru ana ngazi moja, na kipago chake cha kwanza kipo Nairobi.

Hapa mtu atapinga: Zanzibar ina bendera, wimbo na serikali, Meru na Embu ni kaunti tu, na kaunti hailinganishwi na nchi. Pingamizi hilo lina mantiki, lakini kaunti ya Vihiga inalijibu. Sensa ya 2019 iliipa Vihiga watu 590,013, wachache kuliko wa Embu. Kwa kudhaminiwa na serikali ya kaunti hiyo, klabu ya Vihiga Queens ilitwaa ubingwa wa Kenya mara kadhaa, ikashinda mchujo huo wa Nairobi wa 2021, ikaenda Misri kuwakilisha Afrika Mashariki na Kati katika fainali za kwanza za Ligi ya Mabingwa. Hakuna klabu kutoka Meru wala Embu iliyowahi kutwaa ligi kuu ya wanawake ya Kenya. Anayetaka mfano wa mbali zaidi na autazame mchujo wa Kombe la Afrika la 2026: Cape Verde, visiwa vyenye watu karibu nusu milioni, vilifuzu kwa fainali hizo kwa mara ya kwanza. Yaani nchi nzima yenye watu wachache kuliko Embu.

Mlimani, kinyume na inavyodhaniwa, viwanja si haba. Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulifanyiwa ukarabati mkubwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018 ambayo Kenya ilikuwa imepewa kuandaa. Septemba 2017 Kenya ilinyang'anywa mashindano hayo, yakapelekwa Moroko. Uwanja ukabaki. Tarehe 1 Juni 2018 ulitumiwa kwa sherehe za Madaraka. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Juni 2023, sherehe hizohizo zilifanywa katika Uwanja wa Moi, Embu, ambao nao ulikuwa umetengenezwa upya ili umpokee Rais na wageni wake. Kaunti hizi mbili, basi, zimepata viwanja kwa hisani ya sikukuu. Gwaride lilipita, hotuba zikasomwa, mahema yakakunjwa. Kilichokosekana ni kalenda ya mashindano itakayompa binti wa Mbeere au wa Igembe sababu ya kukanyaga nyasi hizo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Kila kaunti inalitambua jukumu hilo inapofika zamu ya wafanyakazi wake: michezo ya KICOSCA hukusanya maafisa na makarani kutoka kaunti zote, wakapewa jezi, usafiri na malazi. Hakuna ubaya karani wa afya akicheza mpira. Ni vigumu tu kueleza kwa nini bajeti inayompata karani mwenye umri wa miaka arobaini inamkosa msichana wa miaka kumi na minane.

Umri huo wa miaka kumi na minane ndio kitovu cha tatizo. Shuleni mambo yana mpangilio. Michezo ya shule za sekondari huanzia ngazi ya kaunti ndogo hadi kitaifa, na wasichana hucheza. Shule kama Wiyeta ya Trans Nzoia, Butere ya Kakamega na Nyakach ya Kisumu zimejijengea majina makubwa kwa njia hiyo, na wachezaji wao huchukuliwa na klabu mara wamalizapo masomo, mara nyingine hata kabla. Mashariki ya mlima, msichana akishafanya mtihani wa mwisho, viatu vinatundikwa. Asubuhi kuna majani chai ya kuchuma au muguka wa kufunga vifurushi, jioni kuna maji na kuni. Kakaye atapata timu ya mtaa, atalipiwa nauli na mfadhili anayetafuta kura, atashinda mbuzi mwezi wa Desemba katika kombe lenye jina la mwanasiasa. Dada atapata nafasi ya kushangilia. Ndiyo maana asikilizaye majina ya Harambee Starlets yakisomwa husikia kwa wingi majina ya Magharibi na Nyanza, na si mara nyingi asikie Kendi, Kawira au Gakii.

Wazazi wanaowazuia binti zao wasihukumiwe wote kwa kipimo kimoja. Wapo wanaozuia kwa sababu ya mila. Katika Meru, mwili wa msichana umekuwa uwanja wa mabishano ya wakubwa kwa muda mrefu: mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke waliidhinisha marufuku ya tohara ya wasichana, na wasichana wengi wakaasi kwa kujikata wenyewe, wakabaki katika kumbukumbu kwa jina la Ngaitana. Wazee waliamua, wasichana wakajibu kwa miili yao, na pande zote mbili zikaamini zinatetea heshima. Lakini wapo wazazi wengine ambao hofu yao ni ya kawaida kabisa: mazoezi yanakwisha giza likiingia, njia ni ndefu, kocha ni mwanamume asiyejulikana kwao, na visa vya makocha kuwadhulumu wasichana si uvumi. Anayeiita hofu hiyo ushamba haelewi kazi ya mzazi. Tiba yake ni saa za mazoezi zinazozingatia jua, usafiri, na makocha wanawake. Kilifi walilielewa hilo mapema. Moving the Goalposts, shirika lililoanzishwa huko mwaka 2001, liliwaweka wasichana wenyewe katika uongozi, ukocha na uamuzi, na likawafanya wazazi wa vijijini wakubali mpira kwa kuwaona wanaousimamia ni watoto wao. Kabla yake, MYSA ya Mathare, iliyoanza mwaka 1987, ilikuwa imefungua milango kwa wasichana mwaka 1992. Kutoka humo akatokea Doreen Nabwire, aliyekwenda kucheza Ujerumani katika klabu ya Werder Bremen.

Wasomaji wa jarida hili wanaweza kusema kwamba hayo yote ni kazi ya makatibu wa michezo. Sehemu moja, hata hivyo, ni kazi yao hasa, nayo ni lugha.

Kiswahili hakina jinsia katika ngeli zake. Mchezaji, kipa, beki, nahodha, mfungaji na mwamuzi wote wamo katika ngeli ya A-WA, na kiambishi hakimuulizi mtu yeyote kama ni wa kike au wa kiume. Ni neema ambayo Kifaransa na Kiarabu hazina. Pamoja na hayo, mzungumzaji wa Kiswahili amejitafutia njia ya kurudisha kile ambacho sarufi ilikataa kukibeba. Anasema "timu ya taifa" akimaanisha ya wanaume, na "timu ya taifa ya wanawake" akimaanisha ile nyingine. Hakuna atangazaye "timu ya taifa ya wanaume". Kwa hiyo taifa, likiachwa bila kivumishi, ni la kiume. Watangazaji nao, katika mechi za wanawake, huacha msamiati wao wa kawaida wa mizinga na makombora, wakaanza kutaja vimwana, visura na warembo. Kiambishi ki-/vi- katika maneno hayo hakipo kwa bahati.

Majina ya timu yanasimulia kisa hichohicho. Wanaume wa Kenya ni Harambee Stars, nyota. Wanawake ni Harambee Starlets, na asiyejua Kiingereza cha kutosha afahamu kwamba kiambishi tamati hicho ni cha udogo: vijinyota. Wasichana wa chini ya miaka 17 wakaitwa Junior Starlets, vijinyota wadogo, udogo juu ya udogo. Watanzania walifanya uteuzi wa busara zaidi. Wanaume ni Taifa Stars, wanawake ni Twiga Stars, na hakuna mnyama wa nyika anayemtazama twiga kwa kumwinamia. Nigeria ina Super Falcons, Uganda ina Crested Cranes. Jina halifungi bao, ni kweli. Ila mtoto hujifunza kiwango cha matumaini yake kutokana na jina analoitwa, na wanafunzi wa onomastiki hawahitaji kuelezwa hilo.

Na vijinyota hao ndio waliofanya ambacho nyota hawajafanya. Juni 2024 Junior Starlets, chini ya kocha Mildred Cheche, waliitoa Burundi na kuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya jinsia yoyote na ya umri wowote, kufuzu kwa Kombe la Dunia. Oktoba mwaka huo, katika Jamhuri ya Dominika, waliishinda Meksiko mabao 2 kwa 1. Dada zao wakubwa walikuwa wamekwisha kucheza fainali za Afrika mwaka 2016 nchini Kamerun, wakapoteza mechi zote tatu, kisha wakatwaa kombe la CECAFA mwaka 2019 kwa kuifunga Tanzania 2-0 kule Dar es Salaam. Oktoba 2025, wakiwa na kocha Beldine Odemba, waliitoa Gambia na kufuzu kwa Kombe la Afrika kwa mara ya pili. Kwa hiyo sentensi ambayo bado husikika, "Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia", si sahihi tangu mwaka 2024, isipokuwa kama neno Kenya lina maana ya wanaume pekee. Anayeiandika katika insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili na aikoshwe alama, kama anavyokoshwa aliyeharibu upatanisho wa kisarufi.

Kasoro ya pili ya lugha ni ukimya. Wasichana wa Zanzibar wamepigwa filamu mbili, zote na wageni. Wasichana waliocheza katika shule za Meru na Embu hawajaandikwa na mgeni wala mwenyeji. Bila shaka wako walimu wa kike waliostaafu ambao walicheza walipokuwa wanafunzi, na watamaliza siku zao bila ya kuulizwa swali hata moja. Kuna Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na Chuo Kikuu cha Chuka katikati yao. Tasnifu kuhusu dhamira ya ndoa katika riwaya hii au ile zimetosha kwa muda. Mwanafunzi mmoja akichagua kukusanya masimulizi ya wachezaji wa kike wa eneo hili, na mwingine akachunguza lugha ya utangazaji wa mechi zao, mhadhiri atakuwa na jambo jipya la kusoma, na maafisa wa michezo watakuwa na jambo la kusomewa.

Kuhusu fedha, hakuna siri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya makadirio kupitishwa kila kaunti inatakiwa na sheria kuwaita wananchi watoe maoni. Vikao hivyo hufanyika katika kumbi za wodi, Mitunguu na Timau, Siakago na Manyatta, na mara nyingi wanaohudhuria ni wachache na ajenda ni barabara na karo. Ligi ya wasichana ya wodi haihitaji uwanja wa Kinoru. Inahitaji mipira, nauli, mwamuzi anayelipwa na kocha wa kike mmoja kwa kila timu. Maoni hutolewa kwa Kiswahili, na karani anatakiwa kuyaandika.